Sheria za Amri Hazikuandikiwa Mtihani

Kitabu cha Kaluta Amri Abedi cha mwaka 1954 kina jina lenye sehemu mbili: Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Wengi tuliosoma Kiswahili sekondari tumeishi na ile sehemu ya kwanza tu, hata kama kitabu chenyewe hatujawahi kukishika. Vina, mizani, mishororo na beti tulivijua kama mtu anayejua vipuri vyote vya baiskeli na hajawahi kuipanda. Tukaondoka shuleni tukiamini kwamba ushairi ni mgumu, na kwamba si wetu.

Nimekisoma kitabu hicho nyumbani Kwihara likizo hii, nikijiandaa kuandika tasnifu ya uzamili, na neno lililonisimamisha ni “kutunga”. Amri alimwandikia mtu anayetaka kutunga shairi. Sisi tulipewa sheria zake kama chombo cha kukagulia mashairi ya wengine. Chombo kilekile kikihama kutoka kwa fundi kwenda kwa mkaguzi, raha yake hubaki njiani.

Tena Amri mwenyewe alishikilia jambo ambalo darasani halina maksi: shairi ni wimbo, na lisiloimbika lina kasoro. Ukiliamini hilo, mizani hugeuka kuwa pumzi. Chukua sentensi hii: “Nimebeba mzigo begani na bado nina safari ndefu.” Ni habari tu. Sasa itamke hivi: “Mzigo uko begani, na njia bado ni ndefu.” Mizani nane, pumzi, mizani nane. Habari ni ileile, ila sasa mwili unajua mahali pa kupumzika. Huhitaji kuhesabu ili ulisikie hilo. Unahitaji kufungua mdomo.

Kwihara ni mahali pazuri pa kuusikiliza mfano huo. Hapa palikuwa kituo cha misafara kati ya pwani na Ujiji, alikozaliwa Amri mwaka 1924. Tembe walilokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872 sasa ni makumbusho yenye jina la Livingstone. Waliobeba mizigo hawana jina mlangoni, lakini wasafiri wa karne ya 19 waliandika kwamba wapagazi waliimba: mmoja akitoa, wengine wakiitikia. Lugha yetu nayo inaita mstari wa shairi mshororo, neno tunalotumia pia kwa watu waliofuatana, na mstari wa kufungia ubeti tunauita kituo. Mwenye mzigo hakuhitaji kuelezwa kituo ni nini.

Hapo ndipo ninapotofautiana na Amri. Wimbo wa kupokezana unaweza kusimama bila kina hata kimoja, kwa mapigo na kiitikio tu. Ushairi wa bara ulikuwa na sikio lake kabla ya kanuni kuchapishwa. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, ubishi mkubwa ukawa kama mashairi yasiyo na vina ni mashairi. Kila upande ulikuwa na hoja, ila msomaji kijana alirithi ubishi kabla ya kurithi raha. Kichomi nacho kinadai sauti: ukikisoma kimyakimya na kwa haraka, mistari yake mifupi hufanana na nathari iliyokatwakatwa. Ukiitamka, unasikia kwa nini imekatwa pale.

Hata hivyo, tusizitupe sheria. Zilimfungulia mlango mtu wa kawaida. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, lilichapisha mashairi ya wasomaji wake. Umbo linalojulikana humpa anayeanza mahali pa kushika, kama kamba kwenye ngazi. Hasara huanza pale kamba inapogeuzwa kuwa kiboko.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayetaka kuanza ni huu: soma kitabu cha Amri kutoka nyuma. Anza na diwani, kwa sauti, hata kama majirani watacheka. Shairi likikushinda, liimbe kwa tuni yoyote unayoijua. Kisha tunga ubeti mmoja kuhusu kazi uliyoifanya leo. Ukikwama kwenye mshororo wa tatu, ndipo ufungue zile kurasa za sheria. Utazisoma ukiwa na swali lako mwenyewe.