"Kumpiga": neno tulilolifuta kwenye hotuba ya Mwalimu

Kila msimu wa uchaguzi, na kila timu yetu inapojiandaa kwa mechi ngumu, lazima atokee mtu aseme: nia tunayo, sababu tunayo, uwezo tunao. Watu wanapiga makofi. Lakini hebu isikilizeni tena hotuba yenyewe, ile ya Novemba 2, 1978, siku chache baada ya jeshi la Idi Amin kuvuka mpaka na Uganda kutangaza kuwa ardhi ya kaskazini mwa Mto Kagera sasa ni yake. Mwalimu hakusema hivyo. Alianza na uwezo, ikaja sababu, nia ikawa ya mwisho. Na ndani ya kila sentensi aliweka kitenzi kimoja: kumpiga.

Kwangu mimi hotuba nzima imesimama kwenye hicho kiambishi -m-. Si "kuwapiga". Vita ni vya nchi mbili, ila sarufi inamlenga mtu mmoja, na Waganda wengine wote wametolewa kwenye kundi la maadui kwa herufi moja tu. Miezi mitano baadaye Kampala ilipoanguka, neno ukombozi lilikuwa limeshaandaliwa njia. Aprili 11, 1979, aliyetangaza kwenye Radio Uganda kwamba utawala wa Amin umekwisha alikuwa Mganda, Luteni Kanali David Oyite-Ojok, ingawa nguvu kubwa iliyouteka mji ilikuwa ya JWTZ. Propaganda? Ndiyo, na ya kiwango cha juu.

Amin naye alicheza mchezo uleule. Alimwalika Nyerere wamalize ugomvi ulingoni, Muhammad Ali awe refa. Tunaukumbuka kama kichekesho, na kweli unachekesha, lakini ulikuwa na kazi: dunia ikiwa inacheka haihesabu maiti. Inakadiriwa raia wapatao 1,500 waliuawa Kagera. Mwalimu hakuujibu utani ule kwa utani. Alizipanga hoja zake moja, mbili, tatu, kama yuko ubaoni, kwa sauti ya mtu asiye na haraka. Hapo ndipo Amin aliposhindwa vita ya maneno, mapema kabisa.

Ugomvi wangu unaanzia hapo hapo. Kiambishi kile kilipokutana na neno "nduli", lililorudiwa hadi likawa kama jina lake la kwanza, vingi vilifunikwa. Askari wa kawaida wa Uganda aliyefia Tanzania tumweke wapi? Si nduli, si mkombozi wala mkombolewa. Waandishi wetu nao wakairithi sarufi hiyo. Tazama majalada tu: Baldwin Mzirai na Kuzama kwa Idi Amin (1980), Henry Muhanika na Utenzi wa Vita vya Kagera na Anguko la Idi Amin Dada (1981). Anazama mtu, anaanguka mtu.

Sisi wa leo tumeenda mbali zaidi, tumekifuta kitenzi chenyewe. Ukikitoa, zinabaki nomino tatu tamu zinazomfaa mgombea, kocha, hata muuza simu, maana hazimdai mtu chochote. Kule Kaboya, Muleba, wamezikwa askari waliodaiwa. Basi nikiisikia tena jukwaani namuuliza jirani yangu: nia ya kufanya nini, na kwa nani? Wengi hucheka, wakidhani natania.