Mkono wa Kocha, Kiwiko cha Mtoto

Nusu saa hivi kabla ya mechi ya besiboli ya vyuo vikuu nchini Marekani, huingia uwanjani mzee aliyevaa jezi kama vijana wake, maana katika mchezo huu kocha huvaa jezi hata akiwa na miaka sabini. Mkononi ana gongo refu, jembamba na jepesi, wanaloliita fungo, ambalo sheria haziruhusu litumike katika mechi yenyewe. Ni zana ya kocha peke yake. Anaurusha mpira juu kidogo kwa mkono mmoja, anaurudisha mkono huo kwenye mpini, anapiga. Mpira unakwenda pale alipokusudia. Kijana anayelinda kituo cha tatu anauzoa, anautupa kituo cha kwanza, na kabla haujafika kule kocha ameshapiga mwingine.

Watazamaji wengi wakati huo wako kwenye foleni ya soseji.

Wanakosa mengi, kwa sababu anayekaa akatazama vizuri ataona kwamba hakuna mipira miwili inayofanana. Kijana mwepesi upande wa kulia lakini mzito upande wa kushoto anapigiwa kushoto, hatua moja mbali zaidi ya anapopenda. Mwenye kiburi anapewa mpira unaodunda vibaya mbele ya miguu yake. Na yule aliyegongwa usoni wiki iliyopita, ambaye bado anafumba macho mpira unapomjia, anaanzishiwa wa taratibu, unaodunda juu na kumpa nafasi ya kuuona. Halafu unaofuata una kasi kidogo, na unaofuata kidogo tena, mpaka mwili wake unasahau kuogopa. Kocha hasemi neno. Kama fundi cherehani mzoefu anayempima mteja kwa jicho tu akiwa bado mlangoni, anajua kila mmoja amepungukiwa wapi, na anampigia pale pale alipopungukiwa.

Kwa desturi, mpigo wa mwisho ni wa mdakaji, yule anayekaa nyuma ya mpigaji. Wenzake wote wameshatoka uwanjani, amebaki yeye na kocha. Hapo kocha anatakiwa aupandishe mpira wima, juu kabisa, ushuke hatua mbili tatu tu kutoka pale aliposimama. Kupiga mpira uende mbele si kazi kubwa. Kuupandisha wima kunataka gongo lipite chini ya mpira kwa kipimo cha unene wa kidole. Likikosea kidogo, mpira unaishia jukwaani. Likikosea zaidi, kocha anapiga hewa mbele ya watu wote. Mpira huo hupanda ukizunguka kwa kasi, na unaposhuka hujipinda kurudi upande wa uwanja, ndiyo maana mdakaji hufundishwa kuupa uwanja mgongo ili mpira umjie kifuani badala ya kumkimbia. Kocha anayeupiga vizuri, mara ya kwanza, bila kurudia, ameutumikia mpigo huo kwa miaka mingi katika viwanja ambavyo havikuwa na mtazamaji hata mmoja. Hakuna kikombe kinachotolewa kwa ajili yake, wala haumo katika takwimu zozote.

Ligi kuu ya Marekani imeliacha zoezi hili karibu kabisa. Vyuo vingi bado vinalishikilia, na ni heri viendelee.

Ufundi wa makocha hawa haukuishia mikononi. Juni 1982, huko Omaha, Nebraska, ambako fainali za vyuo huchezwa kila mwaka, Chuo Kikuu cha Miami kilikutana na Wichita State, timu iliyokuwa na Phil Stephenson, kijana aliyeiba vituo 87 msimu ule, yaani alikimbilia kituo kinachofuata kabla mpira haujapigwa. Kocha Ron Fraser na msaidizi wake Skip Bertman walijua hawana mkono wa kumkamata kwa nguvu. Stephenson alipofika kituo cha kwanza na kuanza kunyatia cha pili, mrushaji wa Miami akageuka akafanya kama anatupa mpira kituo cha kwanza. Mlinzi wa kituo hicho akajirusha chini kana kwamba umempita. Wachezaji wa benchi wakasimama wakipiga kelele na kuonyesha kwa vidole mahali mpira ulipokimbilia, na hata wasichana waokota mipira pembeni mwa uwanja wakashtuka. Stephenson akainuka akakimbilia kituo cha pili. Mpira ulikuwa bado umo ndani ya glavu ya mrushaji! Akatolewa, Miami ikashinda 4–3, na ubingwa wa mwaka ule ukawa wao.

Watu huikumbuka hila ile kwa kicheko, lakini ilikuwa na kazi nyingi ndani yake. Benchi zima lililazimika kujua zamu yake: nani asimame kwanza, nani apige kelele, kidole kielekee wapi. Ilifanyiwa mazoezi. Vijana ambao wasingeingia uwanjani usiku ule walikuwa na kazi, na wakaifanya. Huo ndio ukocha. Bertman baadaye alihamia Louisiana State, akatwaa ubingwa wa taifa mara tano kati ya 1991 na 2000.

Kabla yao alikuwepo Rod Dedeaux, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Southern California kuanzia 1942 hadi 1986. Alikuwa na kampuni yake ya malori, hivyo mshahara wake chuoni ulikuwa dola moja kwa mwaka. Kwa dola hiyo alitwaa ubingwa wa taifa mara 11, tano kati ya hizo mfululizo, kuanzia 1970 hadi 1974. Mwaka 1973 vijana wake waliingia ngwe ya mwisho wakiwa nyuma 7–0 mbele ya Minnesota, timu ya Dave Winfield, ambaye alikuwa amewazima kabisa kwa urushaji wake. Wakashinda 8–7. Timu haikumbuki namna ya kucheza katika dakika kama zile isipokuwa imezoeshwa siku nyingi ambazo hazikuwa na maana yoyote kwa mtu mwingine.

Na si kila aliyedumu alivishwa taji. Mike Martin wa Florida State alifundisha misimu 40, akashinda mechi 2,029, akaipeleka timu yake Omaha mara 17, na akastaafu mwaka 2019 bila ubingwa hata mmoja. Anayetaka kupima kazi ya maisha kwa makombe peke yake amjibu kwanza Martin.

Januari 1996, jijini Nashville, kwenye mkutano wa kila mwaka wa makocha wa besiboli, alipanda jukwaani mzee wa miaka 77, John Scolinos, aliyekuwa ameshastaafu ukocha katika chuo cha Cal Poly Pomona huko California. Shingoni alikuwa amening'iniza kwa kamba kibao cheupe cha kituo cha nyumbani, kile ambacho mrushaji hulenga mpira upite juu yake. Alizungumza kwa muda mrefu bila kukitaja, mpaka ukumbi ukaanza kudhani mzee amechanganyikiwa. Ndipo akawauliza makocha wa watoto kibao chao kina upana gani. Inchi 17. Wa sekondari je? Inchi 17. Wa vyuo? Wa ligi kuu? Inchi 17. Mrushaji asiyeweza kupitisha mpira juu ya inchi 17 haongezewi inchi, alisema, na akaendelea kuonyesha jinsi nyumba, shule na makanisa yanavyokipanua kibao hicho kila mtoto anaposhindwa. Waliokuwepo bado wanalisimulia jambo hilo.

Lakini kuna upande wa pili wa kipimo, nao pia ni kazi ya kocha: kujua ni kipi kipunguzwe kwa ajili ya mtoto. Mwaka 1938 huko Williamsport, Pennsylvania, Carl Stotz alikuwa akicheza na wapwa zake wawili, akaona jinsi uwanja wa watu wazima unavyowameza watoto. Alianza kupima. Aliweka magazeti chini yawe vituo, akawakimbiza watoto wa mtaani, akayasogeza karibu, akawakimbiza tena, mpaka alipopata umbali ambao mtoto akipiga na mtoto mwenzake akadaka, mbio za kufika kituoni zinakuwa za haki. Umbali uliotulia ni futi 60, badala ya 90 za watu wazima. Mwaka uliofuata, 1939, ligi yake ya watoto ilianza na timu tatu, na futi zile 60 ndizo zinazotumika hadi leo katika nchi nyingi za dunia. Ni wangapi leo wanaopanga mashindano ya watoto huku wakimtazama mtoto mwenyewe anavyokimbia? Stotz mwenyewe, katikati ya miaka ya 1950, alifarakana na waliokuwa wameikuza ligi hiyo kuwa shirika kubwa, akashitaki, akaondoka, akarudi kufundisha watoto wachache mtaani kwao.

Mwaka 1974 yalitokea mambo mawili ambayo yalipaswa kukutanishwa mapema. Danny Litwhiler, kocha wa Chuo Kikuu cha Michigan State, aliona kifaa cha polisi wa chuo cha kupimia mwendo wa magari, kile kile ambacho madereva wa Tanzania wanakiita tochi, akapata wazo la kupimia kasi ya mpira. Mwaka huo huo, Septemba 25, Dkt. Frank Jobe alikata kano kwenye mkono wa kulia wa mrushaji wa Los Angeles, Tommy John, akaishona kwenye kiwiko chake cha kushoto kilichochanika. John alirudi uwanjani mwaka 1976 na kurusha hadi 1989. Upasuaji ukachukua jina lake.

Litwhiler alikusudia mema. Kocha anayejua kufundisha hupata faida kwa kila kipimo. Ila tochi ilipotoka mikononi mwa makocha wa aina yake ikaangukia kwa wazazi na wafanyabiashara wa mashindano ya wikendi, ikawa ndiyo mwalimu. Mtoto wa miaka 12 sasa anasimama uwanjani, na nyuma ya wavu kuna watu wazima wanaotazama namba. Anasafirishwa kutoka jimbo hadi jimbo, mwaka mzima, bila miezi ya kupumzika ambayo zamani ililetwa na baridi au na mpira wa kikapu. Watafiti wa Birmingham, Alabama, walichapisha mwaka 2006 kwamba vijana waliorusha zaidi ya miezi minane kwa mwaka walikuwa na hatari mara tano ya kufanyiwa upasuaji, na waliorusha mara kwa mara mkono ukiwa umechoka, mara 36. Utafiti mwingine, uliotumia kumbukumbu za bima za 2007 hadi 2011, ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya upasuaji wa Tommy John ulifanyiwa vijana wa miaka 15 hadi 19. Upasuaji uliobuniwa kumrudisha kazini mtu mzima aliyekwisha kurusha kwa miaka mingi umekuwa wa wanafunzi wa sekondari.

Tangu 2007 ligi ya watoto ya Williamsport imeweka kikomo: mtoto wa miaka 12 asirushe zaidi ya mipira 85 kwa siku. Ni sheria njema, lakini inamlinda akiwa ndani ya ligi hiyo tu. Jumamosi jioni akivaa jezi ya timu nyingine, hesabu inaanza upya, na hakuna anayemuuliza jana alirusha mingapi. Kocha wa zamani asingehitaji kuuliza. Angeona kiwiko kimeshuka, mguu wa mbele umeanza kuburuta, mtoto anajisugua bega akidhani hatazamwi, na angemtoa.

Mchezo huu umeshafika kwetu. Mwaka 2011 watoto wa Kampala walishinda nafasi ya kwenda Williamsport, kwenye mashindano ya dunia ya ligi ile ya watoto, wakanyimwa viza kwa sababu ya dosari za nyaraka; Januari iliyofuata, watoto wa Langley, Kanada, ambao wangekutana nao kule, wakafunga safari hadi Uganda ili mechi ichezwe. Agosti 2012 timu ya Lugazi ikawa ya kwanza kutoka Afrika kucheza katika mashindano yale, na ikaifunga timu ya Oregon 3–2. Dar es Salaam, kwa msaada wa Wajapani, shule ya sekondari ya Azania ina uwanja wa besiboli, na wanafunzi wanacheza. Walimu wanaofundisha kule wanaanza na ardhi safi, kabla ya biashara kufika.

Basi walimu hao waombe fungo kabla ya kuomba kingine chochote, na wajifunze kulipiga. Wahesabu kila mpira unaorushwa na waandike daftarini, pamoja na ule wa timu nyingine. Tochi ikiletwa kama zawadi, ifungiwe kabatini. Na mtoto akisema mkono unauma atolewe, hata kama ni fainali na mzazi wake amesafiri kutoka mbali kuja kumwona.