Kaswende, RPR na Kontroli Inayodharauliwa

Ukimtazama fundi sanifu wa maabara akifanya RPR, kipimo cha kaswende, utadhani hakuna cha kukosea. Mikrolita 50 za seramu hutandazwa kwenye duara la kadi, hudondoshewa antijeni yenye chembe za mkaa, kisha kadi huzungushwa mizunguko 100 kwa dakika kwa muda wa dakika 8. Kingamwili zikiwapo, mkaa hushikana ukaonekana madoa meusi. Zisipokuwapo, hubaki kijivu laini.

Lakini jibu husomwa kwa macho, na macho hayawezi kugundua kwamba antijeni ilidondoshwa pungufu. Ndiyo maana sindano ya antijeni nayo hupimwa: mililita moja itoe matone 60, tofauti isizidi mawili. Joto la chumba liwe kati ya nyuzi 23 na 29. Dar es Salaam tunahofia jua la nje tukasahau kiyoyozi! Chumba kikishuka hadi nyuzi 19, kipimo hupungua makali, na damu yenye kingamwili chache husomwa hasi. Ndivyo inavyokuwa pia antijeni ikitoka jokofuni na kutumiwa ingali baridi.

Kinachofichua hitilafu hizo ni kontroli, yaani sampuli ambazo majibu yake yanajulikana tangu mwanzo. Ziko tatu: kali, dhaifu na hasi. Maabara inayobana matumizi huiacha ile dhaifu, na kwa maoni yangu hilo ni kosa kubwa. Kontroli kali inaweza kushika mkaa hata chumba kikiwa baridi na matone yakiwa madogo. Itapita, na kila mtu ataridhika. Dhaifu ndiyo huanguka kwanza. Ikianguka, majibu ya siku hiyo yasitolewe hadi chanzo kipatikane.

Kuna mtego ambao kontroli haziuoni. Kingamwili zikizidi mno, seramu isiyozimuliwa inaweza kuonekana hasi, au kuwa na ukwaruukwaru kidogo tu. Ukwaru huo usipuuzwe: seramu izimuliwe, ipimwe tena. Kwa upande wa pili, malaria na hata ujauzito wenyewe huweza kuleta chanya ya uongo, hivyo chanya huthibitishwa kwa kipimo cha aina nyingine, kama TPHA.

Zipo pia sampuli za majaribio zinazotumwa na wakaguzi wa nje. Zikikabidhiwa fundi hodari kuliko wote, tena zikarudiwa mara tatu, hazipimi tena kazi ya kila siku.

Mjamzito mwenye kaswende ya hatua za mwanzo hutibiwa kwa dozi moja ya benzathini penisilini, yuniti milioni 2.4. Akirudishwa nyumbani na hasi ya uongo, mtoto anaweza kufia tumboni. Wakuu wa maabara, agizeni kontroli zote tatu, na joto la chumba liandikwe daftarini kabla ya kadi ya kwanza kila asubuhi.