Kukoma au Kukomeshwa? Uhakiki wa Tangazo la Mwisho wa CentOS Linux 8

Kila toleo la mfumo endeshi wa seva huwa na tarehe ya mwisho wa kuhudumiwa. Tarehe hiyo ikifika, seva haizimiki. Huendelea kufanya kazi kama jana, ila udhaifu wa kiusalama unaogunduliwa hauzibwi tena. Kwa hiyo bajeti, ununuzi wa mitambo na ratiba ya kuhama hupangwa kwa kuitegemea tarehe hiyo. Makala hii inahakiki matini moja iliyoivuruga mipango ya namna hiyo, yaani tangazo la mradi wa CentOS la tarehe 8 Desemba 2020.

CentOS Linux ulikuwa mfumo huria usiolipiwa, uliojengwa kutokana na msimbo chanzo wa Red Hat Enterprise Linux. Toleo la 8 lilitoka Septemba 2019, na watumiaji walielezwa kuwa lingehudumiwa hadi Mei 2029. Tangazo likasema kuwa lingefikia mwisho wake mwishoni mwa 2021. Zaidi ya miaka saba ilifutwa, kwa ilani isiyozidi miezi 13.

Jambo la kwanza la kuzingatiwa ni mpangilio wa matini. Kichwa chake hakitaji mwisho wa kitu chochote; kinaeleza kwamba mradi unahamishia mkazo wake kwenye CentOS Stream, mfumo unaotangulia kidogo matoleo ya Red Hat badala ya kuyafuata. Habari iliyomgusa zaidi msimamizi wa seva imewekwa ndani ya maelezo, nyuma ya habari ya maendeleo.

Jambo la pili ni kitenzi. Matini ya Kiingereza inasema kuwa toleo la 8 litafikia mwisho, bila kumtaja anayelimaliza. Kiswahili humlazimisha mfasiri achague. Kitu kinaweza *kukoma* chenyewe, kama mvua inavyokoma. Lakini kitenzi *komesha*, kilicho katika kauli ya kutendesha, hudai mtenda. Tangazo linasimulia kukoma, ilhali tukio lenyewe ni kukomeshwa.

Utetezi wa mradi una uzito: mfumo haukulipiwa, na leseni haikutoa dhamana yoyote. Hata hivyo, utetezi huo unajibu swali la kisheria tu. Kwa mujibu wa nadharia ya vitendo uneni ya J. L. Austin, kusema kunaweza kuwa kutenda. Kutangaza tarehe mbele ya watu wanaojulikana kuitegemea kunakaribia mno kuahidi, hata pale neno "ahadi" lisipotamkwa.

Athari zake zinaonekana katika kalenda. Toleo la 7, lililotoka 2014, lilihudumiwa hadi tarehe 30 Juni 2024 kama ilivyopangwa. CentOS Stream 8, njia iliyopendekezwa na tangazo, ilifikia mwisho tarehe 31 Mei 2024. Hivyo, aliyebaki na toleo la zamani alihudumiwa muda mrefu kuliko aliyefanya bidii ya kuhamia toleo jipya na kisha kuufuata ushauri. Kuibuka kwa Rocky Linux na AlmaLinux mwaka 2021 kulithibitisha kuwa haja ya mfumo wa aina ile haikuwa imekoma.

Uhakiki huu una funzo la kiistilahi na la kimipango. Tafsiri sisisi "mwisho wa maisha" huifanya programu ionekane kiumbe kilichofikiwa na ajali yake. "Mwisho wa kuhudumiwa" humrudisha mhudumu ndani ya sentensi. Mhudumu akionekana, mpangaji ataandika kando ya kila tarehe nani ameitoa, nani ana uwezo wa kuibadili, na seva zitahamia wapi iwapo ataibadili. Mpango usiojibu maswali hayo umenakili tarehe tu.