Radi ya Kidato cha Pili

Kwenye silabasi ya fizikia ya sekondari iliyotumika kuanzia mwaka 2005, radi ina makazi yake rasmi: Kidato cha Pili, mada ya umeme tuli. Mwanafunzi anasugua rula kwenye nywele, anaokota vipande vya karatasi, anasoma habari za chaji chanya na chaji hasi, halafu anafika kwenye kinga radi. Anachora nyumba, anaweka ncha kali juu ya paa, anashusha waya ukutani, anauzika kwenye kibamba cha chuma ardhini. Anaandika majina ya sehemu. Mwalimu anaweka vema, wanahamia kwenye umeme wa mkondo.

Tarehe 27 Januari 2025 radi ilipiga Shule ya Sekondari Businda, wilayani Bukombe, mkoani Geita. Wanafunzi 7 walifariki, 82 walijeruhiwa. Oktoba 2018, katika mkoa huohuo, wanafunzi 6 wa shule ya msingi Emaco Vision walikufa kwa radi. Siandiki kuzilaumu shule hizo, maana radi haikuwa kosa lao na majengo yao hayana tofauti kubwa na ya shule nyingine elfu moja za Kanda ya Ziwa. Ninachotaka kukikosoa ni lile somo. Tunalo, limo kwenye silabasi, linatoka kwenye mtihani, na bado halimsaidii mtoto mvua ikianza.

Kwanza, linakuja wakati gani na kwa lugha gani? Kidato cha Pili, kwa Kiingereza. Mtoto aliyeishia darasa la saba akaenda kuchunga, au kupondaponda mawe ya dhahabu, hakuwahi kulisikia. Aliyefika sekondari kalisikia kwa lugha ambayo bado anapambana nayo, kwa hiyo kakariri. Mtaala mpya ulioanza kuingia madarasani kwa awamu Januari 2024 unakusudia elimu ya lazima ya miaka 10, jambo ambalo litawafikisha wengi zaidi kwenye Kidato cha Pili. Sawa. Lakini kuwafikisha wengi kwenye mchoro uleule si hatua kubwa sana.

Pili, mchoro wenyewe. Tatizo lake ni kwamba macho yote yanaenda juu, kwenye ile ncha. Hata jina tulilolizoea mtaani, "mtego wa radi", linafanya tufikiri kazi yote inafanyika juu ya paa, kana kwamba ncha inaikamata radi kama panya na mambo yanaishia hapo. Kazi kubwa iko chini ya ardhi. Mkondo wa radi moja ya kawaida ni kama ampea 30,000. Ukiupa njia nyepesi ya kuzama ardhini, unazama. Ukiupa njia ngumu, unatafuta nyingine, na nyingine hiyo inaweza kuwa ukuta, dawati la chuma, au mtu. Mafundi wanalenga ukinzani wa udongo pale kwenye ardhi usizidi omu 10. Sasa chukua udongo mkavu wa Shinyanga, wenye mwamba wa matale karibu na juu, uchomeke nondo moja fupi, halafu upime. Hutaipata omu 10 kirahisi. Utahitaji nondo ndefu, au kadhaa zilizounganishwa, na mtu wa kupima tena baada ya miaka. Kwenye mchoro wa mtihani hayo yote ni mstari mmoja mfupi chini ya nyumba. Mwanafunzi anaondoka akiamini kwamba chuma kilichosimama juu ya paa kinatosha, na siku moja akiwa kwenye kamati ya shule ataidhinisha chuma kisichofika popote.

Jambo la tatu ndilo linalonikera zaidi. Nyumba iliyoko kwenye mchoro siyo darasa letu. Ushauri wa vitabu vingi vya nje ni mfupi: ukisikia ngurumo, ingia ndani. Huo ushauri ulizaliwa kwenye nchi ambako "ndani" maana yake ni jengo lenye mabomba ya maji, nyaya za umeme ukutani, na nondo kwenye zege. Vyuma hivyo vinalizunguka jengo na kuupeleka mkondo ardhini, hata kama hakuna aliyekusudia. Darasa la matofali ya kuchoma lenye bati juu ya mbao halina njia hiyo. Radi ikilipiga bati, chaji inasambaa kwenye paa lote, inakosa pa kushukia, inaruka. Bati halikuivuta radi, hilo nalo tulisahihishe; kinachovuta ni urefu na kusimama peke yake, ndiyo maana shule iliyojengwa uwandani bila jirani iko hatarini zaidi. Lakini bati lisilounganishwa na ardhi linaacha kazi katikati.

Kwa hiyo mwalimu anayewaambia wanafunzi 60 waingie darasani mvua inapoanza anafuata ushauri sahihi wa jengo lingine. Nje uwanjani ni hatari zaidi, chini ya mwembe ni hatari zaidi ya uwanjani, na darasani bila kinga ni afadhali tu. Sehemu iliyo salama kweli kwenye shule nyingi za huku, kama hakuna jengo lenye kinga, ni gari lenye bodi kamili ya chuma na vioo vimefungwa. Siyo bajaji, na bodaboda ndiyo kabisa. Shule ngapi zina basi la kuingiza watoto mia nane? Hapo ndipo somo linapopaswa kugeuka kuwa hoja ya bajeti, na ndipo linapoishia kimya.

Uganda walipita njia hii kabla yetu. Tarehe 28 Juni 2011 radi iliua wanafunzi 18 na mwalimu mmoja katika shule ya msingi Runyanya, wilaya ya Kiryandongo. Baadaye mtandao wa wataalamu uitwao ACLENet, wenye makao Kampala, ulianza kufunga kinga kwenye shule za Uganda, Runyanya ikiwa miongoni mwake, na pamoja na vyuma ukawafundisha walimu na wanafunzi. Ninachokipenda kwao ni kwamba vitu hivyo viwili havikutenganishwa: mtoto anafundishwa akitazama waya halisi unaoshuka kwenye ukuta wa darasa lake. Huku kwetu ukanda wa dhahabu una fedha za wajibu wa kampuni za migodi kwa jamii, na madarasa mengi yamejengwa kwa fedha hizo. Sioni kwa nini ramani ya darasa la Geita ifanane na ya darasa la mahali ambapo radi ni habari ya mwaka mara moja. (Shaba ina soko, najua. Waya utaibiwa. Basi tumia chuma cha mabati, upitishe sehemu ya chini ndani ya bomba, mlinzi wa shule aoneshwe ni kitu gani na kwa nini kipo.)

Kuna swali ambalo walimu wengi wa sayansi wanalikwepa. Katika nchi ya Wasukuma, na si kwao tu, radi inaweza kutumwa. Mtoto akifa na aliyekaa naye dawati moja akapona, watu wanauliza: kwa nini yeye? Mwalimu anajibu, "Hizo ni imani potofu," anafuta ubao. Jibu hilo halijajibu kitu. Swali la kwa nini yeye lina sehemu ambayo fizikia inaiweza vizuri kabisa, tena kwa mifano ambayo mtoto wa mfugaji anaijua kuliko sisi.

Chukua ng'ombe. Radi ikipiga mti, mara nyingine kundi zima lililojikinga chini yake linakufa, na mchungaji aliyekuwa hapo pembeni anapona. Mkondo ukishuka kwenye mti unasambaa ardhini pande zote, na kadiri unavyokwenda mbali volteji inapungua. Kati ya miguu ya mbele na ya nyuma ya ng'ombe kuna zaidi ya mita moja, kwa hiyo kuna tofauti kubwa ya volteji, na moyo uko katikati ya njia. Mchungaji aliyesimama miguu pamoja ana sentimita chache tu. Vivyo hivyo darasani: aliyeegemea ukuta ule mkondo uliposhukia na aliyekaa katikati hawakuwa mahali pamoja kifizikia, hata kama walikuwa dawati moja. Makadirio ya madaktari wanaoshughulikia majeruhi wa radi yanaweka pigo la moja kwa moja kwenye asilimia 3 hadi 5 tu ya walioathirika. Karibu nusu wanaumizwa na mkondo wa ardhini. Ndiyo maana radi moja inaweza kujeruhi watu 82. Haikuwachagua, ilipita chini yao. Mzazi anaweza akaendelea kuamini kuwa kuna aliyeituma, hiyo ni mada nyingine, lakini mtoto wake atajua kutoegemea ukuta.

Na akijua hivyo, ajue pia kuhesabu. Sauti inakwenda kilomita moja kwa takriban sekunde tatu. Ukiona mwanga, hesabu mpaka ngurumo, gawanya kwa tatu. Ukifika 30 umepata kilomita 10, na radi ina uwezo wa kupiga umbali huo kutoka kwenye wingu lake, hata pale ulipo jua linawaka. Mpira unasimamishwa hapo, hausubiri matone. Baada ya ngurumo ya mwisho mnasubiri dakika 30. Hili ni hesabu ya darasa la nne. Halihitaji maabara, halihitaji mfadhili, na sijui limekosaje nafasi kwenye ukuta wa kila ofisi ya mwalimu wa zamu.

Huduma ya kwanza nayo inafundishwa, kwenye biolojia ya Kidato cha Kwanza: kuungua, kuvunjika, kuumwa na nyoka, kutoka damu puani. Kwa radi kuna kanuni inayopingana na silika zetu zote. Aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini. Unaweza kumgusa saa hiyohiyo. Kama wameanguka wengi, anza na yule anayeonekana amekufa, siyo anayelia. Anayelia anapumua. Asiyepumua huenda moyo wake utarudi wenyewe, lakini pumzi inachelewa, na moyo uliorudi bila hewa unasimama tena. Kubana kifua na kupulizia hewa dakika zile za mwanzo kunaokoa watu. Ukiacha woga wa kugusa ukatawala, unawapoteza waliokuwa wanarudi.

Kuhusu moto nitapita haraka, kwa sababu ndiko tunakojitahidi. Baada ya Idodi mwaka 2009 na Byamungu kule Kyerwa mwaka 2020, askari wa Zimamoto wanazunguka shuleni, namba 114 inatajwa, mtungi unapulizwa kwenye karai linalowaka, watoto wanapiga makofi. Ningependa tu karai lipunguzwe na badala yake wanafunzi wa bweni waamshwe usiku, gizani, waoneshe wanatokaje kama mlango mkuu haupitiki na madirisha yana nondo. Kama hawawezi kutoka, aliyefeli zoezi ni jengo.

Halafu kuna shimo. Mkoani Geita na wilaya za Kahama na Shinyanga, mtoto anaweza kutembea kwenda shule akipita maduara matatu, na hakuna hata ukurasa mmoja unaomwambia duara linauaje. Oktoba 2015 wachimbaji walifukiwa Nyangarata, Kahama. Watano walitoka hai baada ya siku 41, waliishi kwa mende, vyura na maji yaliyokuwa yakidondoka. Agosti 2025 wengine 25 walifukiwa Nyandolwa, Shinyanga. Tunazisoma kama habari za miujiza au za misiba, wakati ndani yake kuna jiografia, kemia na biolojia tele: udongo uliolowa unakuwa mzito na unateleza juu ya mwamba, kwa hiyo matimba yaliyotosha Septemba hayatoshi Januari. Pampu ya petroli ikiwekwa ndani ya shimo inatoa kaboni monoksidi isiyo na harufu. Mwenzako akianguka chini bila sababu inayoonekana, kumfuata bila hewa ni kuongeza mwili wa pili. Zebaki inayochomwa kwenye kikaango nyumbani inachemka kwenye nyuzi 357, moshi wake hauonekani, na anayeuvuta zaidi ni mtoto aliyekaa karibu na jiko.

Wapo watakaosema kufundisha hayo ni kuhalalisha watoto kwenda machimboni. Hoja hiyo nimeisikia na naiheshimu, ila watoto tayari wapo kule. Human Rights Watch waliandika ripoti nzima juu yao mwaka 2013, wakitaja Geita na Shinyanga. Na hata asiyeshuka shimoni anaishi na anayeshuka. Mtihani ukimuuliza mwanafunzi wa Nyarugusu kwa nini baba yake asiwashe pampu ndani ya duara, ataujibu kwa Kiswahili, atarudi nyumbani, atamwambia.