Arubuni ya Machi: ushabiki wa pikipiki za theluji ulivyoundwa

Mwezi Machi, theluji inapoanza kugeuka tope huko Minnesota na Quebec, watu huingia dukani kwa wakala na kutoa arubuni ya pikipiki ya theluji ambayo hawataipanda mpaka Desemba. Chombo chenyewe hakijaundwa. Mnunuzi anachagua injini, urefu wa mkanda, rangi na aina ya shokapu, na baadhi ya machaguo hayo hayapatikani tena muda ukipita. Kampuni ya Polaris imeupa mpango wake jina la SnoCheck. Kiwanda kinajua mapema kiunde vyombo vingapi na vya namna gani. Mnunuzi anapata kitu ambacho jirani yake hatakikuta dukani msimu ukianza.

Nimeanzia hapo kwa sababu ushabiki wa chapa huelezwa kama mapenzi tupu. Mapenzi yapo. Mwenye Ski-Doo hujulikana kwa manjano, mwenye Arctic Cat kwa kijani, na hata koti na kofia hununuliwa kwa rangi ya kiwanda. Lakini anayetoa arubuni miezi tisa kabla ya kupanda anahitaji kumwamini wakala kuliko anavyoamini tangazo. Msimu ni mfupi. Mkanda wa klachi ukikatika Januari, chapa iliyo bora ni ile ambayo vipuri vyake viko mji wa jirani. Kwa maoni yangu, hapo ndipo ushabiki mwingi ulipozaliwa: baba alinunua kwa wakala aliyekuwa karibu, na mtoto akarithi rangi.

Chombo hiki kina skii mbili mbele za kuongozea na mkanda mpana nyuma unaokisukuma. Joseph-Armand Bombardier wa Valcourt, Quebec, alianza na magari makubwa ya theluji ya kubeba abiria. Mwaka 1934 mwanawe mdogo alifariki kwa sababu barabara ya kumfikisha hospitali ilikuwa imezibwa na theluji. Mwaka 1959 alitoa Ski-Doo, ndogo na nyepesi, yenye mkanda wa mpira.

Upande wa Marekani, upinzani ulitoka katika nyumba moja. Edgar Hetteen, mdogo wake Allan na David Johnson walikuwa wakitengeneza zana za kilimo mjini Roseau, Minnesota, nao ndio walioanzisha Polaris. Edgar akagombana na wenzake, akaondoka, na mapema miaka ya 1960 akaanzisha Arctic Cat huko Thief River Falls, kama kilomita mia moja hivi kutoka Roseau. Anayejua jinsi Simba ilivyotoka ubavuni mwa Yanga mwaka 1936 hahitaji kuelezwa kwa nini watani hawa wa jadi hawajawahi kutazamana kwa macho ya kawaida.

Je, shabiki wa namna hiyo huhamishwaje? Mfano ninaouona bora ni fremu ya REV, ambayo Ski-Doo iliitoa kwa msimu wa 2003. Kabla yake mpandaji aliketi nyuma na chini, miguu ameinyoosha mbele. Njia ikiwa na matuta, sehemu ya nyuma ya chombo ilimrusha, na mgongo ndio uliolipa. REV ilimsogeza mbele, karibu na mahali uzito wa chombo unapokutana, akakaa wima huku magoti yamekunjwa, tayari kusimama, kama mpanda pikipiki wa mashindano ya matuta. Wazo hilo lilikuwa limejaribiwa kwanza katika mbio za snocross, chini ya mpandaji Blair Morgan. Wengi waliliona umbo lake kuwa baya. Kisha walipanda. Tuta moja lilieleza yote, na baada ya miaka michache viwanda vingine vilikuwa vikimsogeza mpandaji mbele vilevile.

Aliyehamishwa naye lazima azuiwe asirudi. Kampuni ya BRP, inayounda Ski-Doo, ilitengeneza vishikio vya LinQ: mifuko, makasha na matangi ya akiba hupachikwa nyuma ya kiti na kubanwa kwa mkono, bila spana. Ni ubunifu mzuri kweli. Pia ni kufuli, maana mzigo wote huo hauingii moja kwa moja kwenye chombo cha mshindani. Anayetaka kubadili chapa anahesabu na vifaa vilivyojaa stoo.

Rangi nazo zilificha mengi. Kuanzia msimu wa 2014 Yamaha na Arctic Cat zilishirikiana: fremu ya mmoja, injini ya mipigo minne ya mwingine. Sidewinder ya buluu ya Yamaha iliundwa Thief River Falls, pamoja na ndugu yake wa kijani. Wenye buluu na wenye kijani waliendelea kubishana wakiwa juu ya kazi ya mafundi walewale. Mwaka 2023 Yamaha, iliyoingia katika biashara hii mwaka 1968, ikatangaza kuiacha.

Ushabiki, hata hivyo, haulipi madeni. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 viwanda vilikuwa zaidi ya mia, na mauzo yalikaribia nusu milioni kwa mwaka. Kisha mafuta yakapanda bei na theluji ikawa haba. Arctic Cat, pamoja na mashabiki wake wenye sauti kubwa, ilifilisika mwaka 1981. Ilirudi kwa msimu wa 1984 na vyombo vichache, kwa injini za Suzuki na mawakala waliokuwa bado wanaikumbuka. Iliwezekana kwa sababu chombo cha wakati ule kilikuwa fremu, kabureta na mkanda.

Desemba 2024, Textron, iliyoinunua Arctic Cat mwaka 2017, ilitangaza kusimamisha uundaji, na mwaka 2025 ikaiuza. Safari hii anayerudi anahitaji zaidi ya chuma na mawakala wenye kumbukumbu: injini ya sasa huongozwa na kompyuta, na programu yake ina wahandisi wake, ambao wakitawanyika hawakusanyiki kirahisi. Hata fremu ya Arctic Cat iitwayo Catalyst, iliyotumia mkanda badala ya mnyororo kupeleka nguvu, ilikuwa bado mpya kwa mawakala uundaji uliposimama.