Geuza Upande wa Ndani: Namna ya Kupima Usafi wa Matandiko ya Farasi

Mgeni akiingia chumba cha matandiko, macho yake hukimbilia mng'aro. Anaona tandiko limekaa juu ya gogo lake, ngozi inametameta kama kiatu cha askari wa gwaride, naye moyoni anasema hapa pasafi. Saisi mzee hana haraka hiyo. Ananyanyua ubavu wa tandiko, anapitisha kidole gumba upande wa chini, ule unaolala kwenye mbavu za farasi, halafu anakinusa. Nimewaona wakifanya hivyo katika mazizi ya upande wa Barabara ya Ngong, Nairobi, bila kutamka neno. Kidole kikitoka cheusi, mazungumzo yamekwisha.

Saisi ni mtunza farasi. Neno ni la Kiarabu lililopitia Bara Hindi, na lilisafiri njia moja na ndugu yake dobi, ambaye ni wa huko huko Hindi. Lijamu na hatamu tulizipata kwa Waarabu. Kwa hiyo maneno tunayo ya kutosha. Farasi ndiye aliyekuwa haba, maana sehemu kubwa ya Afrika Mashariki mbung'o hakumwachia nafasi. Mswahili wa kawaida amezoea kusikia habari za kushika hatamu za uongozi kuliko hatamu zenyewe. Lakini kwenye nyanda za juu za Kenya farasi wapo, mbio zinakimbiwa katika uwanja wa Ngong tangu 1954, polo inachezwa, na kila farasi akirudi zizini hurudi na mzigo wa vitu vya kufuliwa. Kazi hiyo ina mafundi wake na ina walipuaji wake, na kuwatofautisha hakuhitaji kumiliki farasi.

Anza na jasho, kwa sababu ndilo adui. Jasho la farasi si kama letu. Limejaa chumvi, na ndani yake mna protini inayotoa povu kama sabuni. Kazi yake ni kuyalowesha manyoya yenye mafuta ili maji yatambae na mwili upoe. Ndiyo maana farasi aliyekimbizwa huonekana na povu jeupe shingoni, pale hatamu zinaposugua. Jasho hilo likichanganyika na mafuta ya ngozi yake na vumbi, hujenga vidonge vyeusi vinavyonata kwenye tandiko na mikanda. Waingereza wa mazizini huviita majoki, kana kwamba navyo humpanda farasi bila kushuka. Mlipuaji huvipaka mafuta juu yake viwe laini na ving'are. Fundi huvitoa kwa ukucha, au kwa njia ya zamani ninayoipenda: anakusanya singa za mkia wa farasi, anazifunga fundo gumu la ukubwa wa ndimu, kisha anasugua nalo. Singa zinakwangua uchafu, ngozi haichubuki.

Baada ya hapo ni sponji na sabuni ya ngozi, na hapa kuna alama ya kwanza ya kumjua anayejua: sabuni yake haitoi povu. Analowesha kipande cha sabuni kidogo tu, sponji yenyewe ameikamua hadi inakaribia kukauka. Povu jingi maana yake maji ni mengi, na maji mengi huingia ndani ya ngozi yakaondoka na mafuta yaliyoilainisha. Ukimkuta mtu amezamisha mikanda kwenye ndoo kama anafua soksi, mwambie asante, ondoka na tandiko lako.

Kazi ikiwa tayari, kagua mahali pasipoonekana. Fungua kila bizimu. Chini yake, mkanda unapokunjika, ndipo chumvi inapojificha na ndipo mkanda hukatikia siku mbaya. Tazama matundu ya mkanda: yakiwa yamezibwa na sabuni nyeupe, aliyesafisha hakuwa na subira ya kuchukua njiti ya kiberiti. Kunja mkanda taratibu upande wa ngozi laini ukiwa nje. Mikunjo midogo midogo ni ya kawaida, nyufa si za kawaida. Vuta nyuzi za mshono kwa ukucha. Halafu pitisha karatasi nyeupe ya chooni juu ya ngozi. Ikitoka na rangi ya kahawia na ulaini wa mafuta, tandiko limenyweshwa kupita kiasi, na atakayelipia ni suruali ya mpandaji. Mafuta yanayotolewa kwenye mifupa ya miguu ya ng'ombe ni dawa nzuri ya ngozi iliyokauka, lakini wapo wanaoyamimina kana kwamba wanakaanga mandazi. Ngozi iliyoshiba mafuta hulegea, hurefuka, huwa nyeusi. Ngozi iliyotunzwa vizuri ukiishika hukukumbusha kiganja cha mtu aliyepaka mafuta asubuhi, na sasa ni saa sita.

Lijamu peke yake halitaki sabuni. Linaingia mdomoni mwa kiumbe. Maji safi na kitambaa vinatosha, na vinatosha zaidi vikitumika dakika ileile farasi anaporudi kutoka mazoezini, kabla mate na majani hayajakauka yakawa saruji.

Lakini kuosha, nikisema kweli, hata mtoto anaweza kufundishwa kwa siku moja. Ufundi uko kwenye kukausha. Nililipa karo ya somo hili mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza wa kushinda mazizini, mwezi wa Aprili, mvua ilitunyea tukiwa mbali na mikanda yote ya kichwa ikalowa chapachapa. Nikajiona mwerevu: nikaitundika karibu na jiko la makaa lililokuwa likichemsha chai. Asubuhi ilikuwa imekakamaa kama ng'onda. Saisi aliyenipokea akaishika, akaikunja, ikalia kama kuni. Akanitazama kwa huruma. "Mwanangu," akasema, "umepika hatamu."

Na kweli nilikuwa nimeipika. Ngozi ni nyuzinyuzi zilizosukwa pamoja, na mafuta kati yake huziwezesha kuteleza. Maji yakiondoka taratibu, nyuzi zinabaki kila moja mahali pake. Yakifukuzwa kwa moto, nyuzi hunatana, na joto likizidi ngozi hujikunyata. Mafuta utakayopaka baadaye yatailainisha kwa wiki moja ya matumaini, halafu itapasuka. Kosa la uchafu hurekebishika. Kosa la moto halirekebishiki. Kwa hiyo ukitaka kujua thamani ya chumba cha matandiko, usiulize wanatumia sabuni gani. Uliza wanaanika wapi. Jibu unalotaka ni kivulini, penye upepo unaopita, mbali na ukuta, mikanda imening'inizwa kwenye kitu cha mviringo (mkebe wa maziwa uliopigiliwa ukutani unafaa kabisa) na kamwe si kwenye msumari, kwa kuwa msumari huacha mkunjo na mkunjo huzaa ufa. Mafuta hupakwa ngozi ikiwa bado na unyevu kidogo, kabla haijakauka kabisa.

Nairobi inasaidia na inatesa. Januari na Februari hewa ni kavu na mkanda hukauka kivulini bila wasiwasi. Machi hadi Mei ni masika, na Julai ina baridi yake na manyunyu ya asubuhi. Hapo ndipo unga mweupe hutokea juu ya ngozi na watu wengi hupiga kelele za kuvu. Subiri kwanza. Unga mweupe una asili tatu, na mjuzi hazichanganyi. Sugua kwa kidole chenye joto: ukiyeyuka, ni mafuta yaliyopanda juu kwa sababu ya baridi, na hakuna ubaya. Gusa kwa kitambaa chenye maji: ukipotea halafu ukarudi palepale baada ya kukauka, ni chumvi ya jasho, maana yake tandiko halikuoshwa bali lilipakwa. Ukiwa na manyoya kama pamba na harufu ya kabati la bibi, hilo ni kuvu kweli. Litoe tandiko nje ulifutie huko. Ukilifutia ndani, umepanda kuvu kwenye kila tandiko la chumba.

Sasa njoo kwenye nguo. Kitambaa cha mgongo, kile kinachokaa kati ya tandiko na farasi, ndicho kinachobeba taabu yote, na ndicho kinachopelekwa kwa dobi kwa siri, kwa sababu dobi wengi wenye mashine wakiona singa za farasi hukataa. Hawana kosa. Singa huziba bomba la mashine. Kitambaa kilichoshughulikiwa vizuri kilipigwa brashi ya mpira kikiwa kikavu, kabla hakijaona maji. Ukikipitishia kiganja kinyume cha nyuzi na singa zikakuchoma, hatua hiyo ilirukwa. Nikipokea kitambaa kutoka kwa mfuaji mpya, namwomba glasi ya maji. Nachovya pembe moja, nakamua ndani ya glasi, natikisa. Povu likisimama, hakikusuuzwa. Kwa shati la ofisini kosa hilo ni dogo. Mgongoni mwa farasi, chini ya uzito wa mtu, sabuni iliyobaki hukutana na jasho, ngozi huwasha, huchubuka, na farasi huanza kukunja mgongo akiliona tandiko. Mwenye farasi humwita daktari. Angemwita dobi.

Harufu nayo ni shahidi. Kitambaa safi hakinuki kitu. Kikinukia maua, mimi huingiwa na shaka: ama kimefichiwa jambo, ama kimetiwa dawa ya kulainisha nguo, ambayo huzivika nyuzi utando na kuzizuia zisinywe jasho. Taulo la wageni na liwe laini. Kitambaa cha mgongo kazi yake ni kunywa. Kipime ukavu kwa shavu, usipime kwa kiganja, maana kiganja cha mtu wa kazi ni kigumu na hudanganywa. Weka shavu kwenye kingo, pale pamba ya ndani inaposhonewa nene, kwa sababu kingo hukauka mwisho. Ubaridi ukiusikia hapo, kirudishe kambani, hata kama katikati kumekauka kama biskuti. Kisha kinyanyue juani utazame mwanga: madoa meusi yaliyojikusanya ni pamba iliyofanya mabonge kwa kukamuliwa kwa kusokota, na kila bonge ni jiwe mgongoni.

Sufu na ngozi ya kondoo zina sheria zao. Maji yasizidi nyuzi joto 30, na sabuni iwe ya sufu, kwani sabuni nyingi za unga zina vimeng'enya vya kula madoa ya protini, na sufu yenyewe ni protini. Zianikwe kivulini zikiwa zimelazwa, manyoya juu, na zichanwe zikiwa na unyevunyevu. Vitambaa vya pamba nyeupe, kinyume chake, vipe jua la saa sita bila huruma. Na kila farasi awe na chake. Choa, au mashilingi kama wasemavyo Nairobi, hupita kwa kitambaa cha kuazimana kuliko njia nyingine nyingi, na zizi zima huwa na mabaka kabla ya mwezi kuisha.

Nguo za mpandaji sitazikalia sana, maana suruali ni suruali, ingawa hizi za farasi asili yake ni Jodhpur, kule India, nazo zilifika Uingereza mwishoni mwa karne ya 19. Zikague ndani ya goti na ndani ya shavu la mguu, panaposugua mkanda na rangi ya buti. Kiunoni zina mpira, na mpira huuawa na klorini na joto. Suruali inayovutika isirudi imepita kwenye mikono mibaya. Kwa suruali nyeupe za polo adui ni udongo mwekundu, na kosa la kila siku ni kuikimbilia jiki. Udongo huo ni mwekundu kwa sababu ya chuma, na klorini huweza kuufanya ushike kabisa. Uache ukauke, kung'uta, maji baridi, sabuni ya mche, uvumilivu. Alama ya kutu iliyoachwa na bizimu ni habari nyingine: ndimu na chumvi, jua kidogo, halafu maji mengi.

Mara nyingi huulizwa kwa nini tufue vitambaa vyeupe vya mgongo wakati vyeusi havionyeshi uchafu. Jibu ni kwamba cheupe kilichofuliwa sawasawa husomeka. Mpande farasi kwa saa nzima, shuka, fungua mkanda wa tumbo, ukigeuze kitambaa upande wa ndani. Uchafu ukiwa umesambaa sawa kushoto na kulia, na katikati juu ya uti wa mgongo pameachwa njia safi, tandiko limemkaa. Ukiwa mzito upande mmoja, au ukaona kiraka kikavu kati ya palipolowa, tandiko halimkai sawa hapo, na huenda limekuwa likimbana kwa miezi wakati watu wanamwita farasi mkaidi. Kitambaa kilichofuliwa nusunusu hakiwezi kukuonyesha hilo. Mimi vyangu huvianika upande wa ndani ukitazama nje, na mkaguzi akija simzuii kuushika.